Kofia ya Chuma ya Askari wa Roma (Nakala)

Nakala hii ya kofia ya vita ya karne ya 1 B.K. imefuliwa kwa mkono. Bamba la chuma hupashwa moto hadi liwe jekundu, likalazwa juu ya gogo lenye shimo na kugongwa kwa nyundo kutoka ndani, huku likizungushwa. Likipoa hugoma kupinda. Hurudishwa motoni, tena na tena. Hapo ndipo ufundi ulipo.

Tazama nyusi zilizotokezwa juu ya paji: ni pambo tu, lakini zinapendeza mno. Ukingo wa nyuma ulikinga shingo. Vikinga mashavu, vyenye bawaba, viliacha masikio wazi ili askari asikie amri. Baadhi ya kofia halisi zilizochimbuliwa zina jina la mwenyewe ukingoni.

Tafadhali usiiguse: jasho la mkono huleta kutu.