Taa nyekundu, taa nyeupe na rezista ya Msamvu

Leo tunaipumzisha siasa. Tuongee taa.

Msamvu ndipo zinapokutana barabara za Dar, Dodoma na Iringa. Kaa pale usiku uangalie mabasi na malori: vitaa vya LED kwenye bampa, ubavuni, mpaka kwa dereva. Vingine vimeshakufa, na lawama zote huenda kwa "mali ya Mchina". Mimi nasema tuiulize kwanza historia.

Mwaka 1827 Mjerumani Georg Ohm alichapisha kanuni yake: volti gawa kwa mkondo, unapata ukinzani. Mpaka leo hesabu ni ile ile. Kilichobadilika ni taa.

Mwaka 1962, kule Marekani, Nick Holonyak alitengeneza LED nyekundu. Hiyo hula kama volti 2. Bluu yenye mwanga mkali ilisubiri hadi mwaka 1993, pale Shuji Nakamura alipoitoa katika kampuni ya Nichia, Japani. Ukiipaka bluu unga wa fosfa unapata nyeupe. Kazi ya bluu ndiyo iliyompa Nobel ya fizikia mwaka 2014, pamoja na Isamu Akasaki na Hiroshi Amano. Ila bluu na nyeupe hula volti 3 na ushee.

Kwetu nyeupe ilikuja wakati wake. Mwaka 2006 ukame ulikausha mabwawa ya umeme, na wote tunaukumbuka mgawo ule. Kidatu, bwawa la mkoa wetu huu wa Morogoro, linategemea maji hayo hayo ya Ruaha. Miaka iliyofuata tochi za LED zikaenea mpaka vijijini, na kibatari kikaanza kusahaulika.

Sasa hesabu. Chukua volti za chanzo, toa volti za LED, gawa kwa mkondo. LED ndogo ya kawaida hutaka miliampea 20, yaani 0.02.

Pikipiki ina betri ya volti 12, ila injini ikiunguruma zinapanda hadi 14.4 hivi. Kwa nyekundu: 14.4 toa 2 ni 12.4, gawa kwa 0.02 ni omu 620. Dukani utapewa 680, na inafaa.

Mabasi makubwa mengi yana volti 24, na yakiwa njiani hufika 28. Kwa nyeupe ya volti 3.2: zinabaki 24.8, gawa kwa 0.02 ni omu 1240. Panda juu, chukua 1500.

Fundi akibeba ile 680 ya pikipiki akaifunga kwenye basi, LED inapitishiwa miliampea 36, karibu mara mbili ya uwezo wake. Itang'aa sana, kisha itakufa. Na si LED tu. Rezista hiyo inabeba joto la wati 0.9, wakati nyingi za mafundi ni za robo wati. Iweke jirani na sponji ya siti, ndani mna abiria hamsini, halafu tuambiane ni "mali ya Mchina".

Hata hiyo 1500 inabeba wati 0.4, hivyo omba ya wati 1. Tofauti ya bei ni ndogo mno kulinganisha na basi.

Kwa hiyo wadau, fundi akikuambia "rezista yoyote inafaa", muulize maswali matatu: volti ngapi injini ikiwaka, taa ya rangi gani, na rezista ya wati ngapi? Akikosa majibu, tafuta fundi mwingine.