Dansi ya Wasiokuwa na Ngoma

Ukiwaambia watu wa Rabai kwamba unajifunza walzi, jiandae kwa swali moja: kwani ngoma zetu zimekosa nini? Nimeulizwa na shangazi, nimeulizwa na vijana wa bodaboda pale Mazeras, na nimeulizwa kanisani, tena kwa kunong'onezwa. Swali halina ubaya. Lina historia ndani yake, na sehemu kubwa ya historia hiyo imeanzia hapa hapa kwetu mlimani, kabla Nairobi haijawa hata kambi ya reli.

Kwanza nieleze somo lenyewe, manake wengi wanadhani ni kuvaa suti na kuzunguka. Somo la kwanza la walzi ni kuhesabu hadi tatu. Anayeongoza anapeleka mguu wa kushoto mbele, wa kulia unakwenda kando, wa kushoto unaufuata na kufunga. Moja, mbili, tatu. Halafu kulia nyuma, kushoto kando, kulia unafunga. Umechora sanduku sakafuni. Baadaye unafundishwa kuligeuza, kisha kuuzunguka ukumbi mzima kinyume cha mshale wa saa ili wachezaji msigongane.

Miguu si kazi. Kazi ni mabega. Sisi Wamijikenda mabega yetu yanacheza. Ngoma na kayamba zikilia, bega ndilo linaloitikia kwanza. Mwalimu wa walzi analitaka litulie kama sinia ya chai kichwani. "Mabega yasiseme kitu," anarudia kila Jumamosi. Basi nami nikaanza kujiuliza: katika pwani hii, ni akina nani walioambiwa hivyo kwa mara ya kwanza? Na kwa nini walikubali?

Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, ametumwa na Church Missionary Society, ile CMS. Mwaka 1846, alipopata mwenzake Johannes Rebmann, wakapanda hadi Rabai Mpya na kufungua kituo. Kwa miaka mingi kituo hicho kilikuwa na waumini wa kuhesabu kwa vidole. Warabai walikuwa na kaya zao, wazee wao na ngoma zao. Mwanzele ulikuwa na siku zake na sababu zake. Mtu mwenye kaya ana haraka gani ya kuazima wimbo wa mgeni?

Mambo yaligeuka walipokuja watu wasiokuwa na kaya. Kuanzia mwaka 1864 walifika Waafrika waliotoka India: William Jones, Ishmael Semler, George David. Hawa walitekwa utumwani wakiwa watoto, wakaokolewa baharini, wakalelewa na kusomeshwa na misheni huko Nasik, kisha wakarudishwa pwani yetu wakiwa walimu na mafundi. Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Unguja alitia saini mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini, na mwaka 1875 CMS ikaanzisha Freretown, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, pale ambapo mpaka leo makondakta wanaita "Kengeleni!" Rabai nayo ikawa kimbilio la watoro waliokuwa wakikimbia mashamba ya pwani. Wenye watumwa wakaja juu. Mwishowe, tarehe 1 Januari 1889, watoro wapatao 1,400 walipewa hati za uhuru papo hapo Rabai, baada ya Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki kukubali kuwalipa mabwana zao fidia. Aliyekuwa akiwatunza watoro hao kituoni alikuwa William Jones, kasisi ambaye mwenyewe aliwahi kuwa mtumwa.

Hebu litafakari hilo. Watu 1,400 mlima mmoja, wengi wao asili yao ni Uyao, Unyasa, Umakua. Kila mmoja ana ngoma aliyoisikia kwa mama yake, au anakumbuka kipande tu. Ngoma haisafiri kirahisi ndani ya jahazi la watumwa. Inataka mpigaji, inataka waitikiaji, na inataka mzee anayejua kwa nini inapigwa. Juu ya hayo, misheni iliitazama ngoma kwa jicho la shaka. Iliona ndani yake pombe, mizimu na usiku. Walichopewa watu hawa kilikuwa nyimbo za kanisa, kengele na gwaride la shule. Mabega yasiseme kitu.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kwamba dansi ililetwa ili kuua ngoma, basi, hadithi imeisha. Kwa Mrabai wa kaya, ndiyo, dansi ilikuwa mgeni anayebisha hodi nyumba iliyojaa. Kwa mtoto wa mtoro ilikuwa jambo jingine kabisa. Nyumba yake ilikuwa tupu. Alihitaji kitu ambacho Myao na Mmakua wangeweza kuanza kujifunza siku moja, wote wakiwa wanagenzi, bila mmoja kumwambia mwenzake, "Hii si ya ukoo wenu."

Miaka ya 1890 pwani ikazua beni. Terence Ranger, aliyeandika kitabu kizima kuhusu ngoma hiyo mwaka 1975, anaonyesha jinsi vijana wa miji ya Waswahili walivyochukua tarumbeta, sare na vyeo vya kijeshi wakavigeuza kuwa mashindano ya mitaa. Mombasa ikawa na vyama vyake, Kingi na Scotchi. Lakini beni ilikuwa ya barabarani, ya kundi zima. Dansi ilitaka ukumbi, sakafu laini, gramafoni au bendi, na watu wawili wawili walioshikana. Walioipokea mapema Mombasa walikuwa Wakristo waliosoma shule za misheni: makarani, walimu, watu wa posta na reli. Kutoka huko ikashuka pwani hadi Tanga na Dar es Salaam, na kufikia mwaka 1932 Dar tayari ilikuwa na Dar es Salaam Jazz Band.

Hapo kwenye kushikana ndipo palipokuwa na kesi. Katika ngoma zetu nyingi mwanamume na mwanamke huchezeana, wanatazamana, wanajibizana, lakini kila mtu ana mwili wake. Kumshika mke wa mtu mgongoni mbele ya watu, ukamrudisha salama kwenye kiti chake na kumwambia asante, hilo lilikuwa jipya. Wazee wa Kiislamu hawakulipenda, wazee wa kaya hawakulipenda, na makasisi, walioleta suti na viatu vyake, hawakulipenda pia. Ni mara chache pwani hii imekubaliana hivyo.

Sasa kuna jambo moja ambalo lilinifurahisha sana nilipolijua. Tunadhani karani wa Mombasa alikuwa akiiga kitu cha kale cha Wazungu. Sivyo. Chama cha walimu wa dansi cha London, Imperial Society of Teachers of Dancing, kilianzisha kitengo chake cha dansi ya ukumbini mwaka 1924, na ni hapo ndipo hatua zilipoanza kupangwa na kusawazishwa. Victor Silvester, bingwa wa dunia wa mwaka 1922, alitoa kitabu chake cha kufundishia mwaka 1927. Kwa hiyo, karani wetu alipokuwa akihesabu foksitroti miaka ya 1930, karani wa London naye alikuwa akiihesabu kutoka kitabu kile kile kipya. Hatukuchelewa darasani. Tulikaa benchi moja, ila yeye alikuwa na ukumbi mzuri zaidi na hakuna aliyemwita boi.

Tena, darasa lenyewe lilikuwa na damu yetu. Foksitroti ilikua juu ya muziki wa Wamarekani weusi. Rumba ilitoka Kuba, kwa wajukuu wa watumwa, na kuanzia mwaka 1933 santuri za mfululizo wa GV zikairudisha Afrika. Rumba ya ukumbini na rumba ya Kongo si kitu kimoja, mwalimu atakugombeza ukizichanganya, lakini ni binamu. Hiyo ya Kongo iliingia orodha ya UNESCO mwaka 2021. Mijikenda tulikuwa tumetangulia kwa njia nyingine: misitu yetu ya kaya, za Rabai zikiwemo, iliingia orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008.

Halafu ikaja vita. Fundi Konde, Mgiriama aliyezaliwa mwaka 1924, alitumikia King's African Rifles katika kikosi cha burudani na kufika hadi India na Burma. Aliporudi akarekodi nyimbo za Kiswahili zenye gitaa tamu na mwendo wa dansi, na watu wa Afrika Mashariki nzima wakazicheza. Huyu hakuwa mtoto wa Freretown. Alikuwa Mmijikenda mwenye kaya na ngoma zake kamili, na bado akaitaka dansi. Kwangu mimi, Fundi Konde ndiye anayemaliza ubishi: mtu anaweza kuwa na nyumba iliyojaa na bado akaongeza kiti. Mwaka 1972 ndugu kadhaa kutoka Kaloleni, jirani zetu, wakaanzisha Them Mushrooms, na wote tunajua "Jambo Bwana" ilifika wapi.

Basi nikiulizwa ngoma zetu zimekosa nini, jibu langu ni kwamba hazijakosa kitu. Najifunza walzi kwa sababu ni sehemu ya mambo yaliyotupata, na sehemu yake nzuri zaidi ilitengenezwa na watu walionyang'anywa kila kitu wakaamua kucheza hata hivyo. Majina yao hayako kwenye vibao. Hatua zao ziko miguuni mwetu kila harusi inapofika saa ya maharusi kufungua ukumbi.

Kama unataka kuanza, anza na rumba, masikio yako tayari yanaijua. Vaa kiatu chenye soli ya ngozi. Raba inang'ang'ania sakafu na goti lako ndilo litakalolipa. Hesabu kwa sauti bila aibu. Na wakikwambia mabega yatulie, yatulize humo ukumbini, kisha yaachie huru kwenye mwanzele. Mwili mmoja unaweza kubeba vyote viwili. Waulize Watanzania: bendi iliyoanza mwaka 1964 kwa jina la NUTA Jazz, mojawapo ya bendi kubwa za dansi zilizowahi kutokea, siku hizi inaitwa Msondo Ngoma.