Ukoo wa inanga

Ukitoka Nyamahanga, Biharamulo, ukashika njia ya magharibi, unaivuka Ngara na kuingia Burundi. Ukipanda kaskazini, unafika kwa Wahaya. Pande zote mbili utakuta ala moja: ubao uliochimbwa kama chano kirefu, na nyuzi zimetandazwa juu yake. Warundi huiita inanga, Wahaya enanga.

Mchongaji hutumia kipande kimoja cha mti, akakichimba na kutia mikato kwenye ncha zote mbili. Uzi nao ni mmoja tu. Hupitishwa kwenye mkato, ukavuka hadi ncha ya pili, ukarudi, ukavuka tena, mpaka ipatikane mistari saba, minane au zaidi. Zamani ulitokana na kano za ng'ombe. Siku hizi hata nailoni hutumika. Kwa kuwa uzi ni mmoja, mpigaji akitaka kukaza mstari huu huuvuta kupitia ule wa jirani, kwa hiyo kuilinganisha sauti ala nzima ni kazi ya subira.

Kwa umbo, basi, hawa ni ndugu wa damu. Tofauti kubwa, kwa maoni yangu, imo kooni mwa mpigaji. Kwa Wahaya, enanga hubeba tendi ndefu za mashujaa, kama ule wa Mugasha, mwenye ziwa na dhoruba; mpigaji huimba kwa sauti na wasikilizaji wakampokea. Profesa Mugyabuso Mulokozi, mwana wa Kagera, aliziandikia tendi hizo tasnifu yake ya mwaka 1986 katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Burundi wana mtindo wa kunong'ona. Mnong'ono hauna noti, lakini msikilizaji huapa kwamba anasikia wimbo! Mtafiti Cornelia Fales alieleza jambo hilo: mlio wa nyuzi nzito huungana na pumzi ya mpigaji, na sikio likauhesabu kuwa sauti yake. Sijui ala nyingine katika eneo letu inayofanya ufundi wa namna hii kwa vifaa vichache hivyo.

Ukoo unaendelea hadi Rwanda, Kigezi ya Uganda na kwa Washi wa Kivu, wanaoiita lulanga. Buganda jina ni hilohilo, ennanga, ila ala ni kinubi chenye shingo iliyopinda. Mpigaji wake mashuhuri katika jumba la Kabaka, mfalme wa Buganda, alikuwa Temutewo Mukasa.

Wengi wa mafundi hawa walilelewa na watawala, na watawala waliondoka karibu kwa pamoja. Rwanda iliacha ufalme mwaka 1961, Tanganyika ikafuta utemi mwaka 1963. Mei 1966 jumba la Kabaka lilishambuliwa, na Novemba mwaka huohuo ufalme wa Burundi ukafutwa. Katika miaka sita, fundi aliyekula ikulu alibaki bila mlezi, na mwanawe hakuwa na sababu ya kurithi kazi.

Bahati njema, Hugh Tracey alipita Tanganyika na Uganda mwaka 1950 akirekodi muziki, enanga ya Wahaya ikiwemo. Kanda zake zinatunzwa Afrika Kusini, katika maktaba ya muziki wa Afrika aliyoianzisha mwaka 1954. Nakala zake zingefaa kusikika katika shule za Ngara na Biharamulo, kwa sababu wanafunzi wa huku, wanaoishi katikati ya Warundi na Wahaya, ndio wenye masikio ya kuilinganisha sauti ya enanga na mnong'ono wa inanga.