Bibi Titi Mohamed hakupanda jukwaani peke yake

Mwezi Juni 1955, TANU, chama kilichodai uhuru wa Tanganyika, ilikuwa haijatimiza hata mwaka mmoja. Ofisi yake ilikuwa New Street, Dar es Salaam, mtaa tunaouita leo Lumumba. Rais wake, Julius Nyerere, alikuwa ametoka kuacha ualimu baada ya safari ya Umoja wa Mataifa, na wanachama wake karibu wote walikuwa wanaume. Ndipo akafika John Hatch wa chama cha Labour cha Uingereza, akataka kujua wanawake wa chama hicho wako wapi. Jibu lilikuwa la aibu, maana karibu hawakuwapo. Lakini kufikia Oktoba mwaka uleule, Oscar Kambona, katibu wa chama, aliwaandikia marafiki wa TANU huko Uingereza kwamba wanawake 5,000 wameshajiandikisha, na kwamba aliyeongoza kazi hiyo ni mwanamke mwenye elimu ndogo ya shule. Mwanamke huyo alikuwa Titi binti Mohamed, umri wake miaka 29.

Simulizi tuliyoizoea inaeleza mafanikio hayo kwa ushujaa na sauti: mwanamke jasiri, mwenye kipaji, aliyeitwa na wazee wa chama akaitikia. Hakuna uongo humo, lakini simulizi hiyo haitoshi kueleza hesabu. Wanachama 5,000 kwa muda wa miezi michache, katika nchi ambayo wanawake wengi wa mjini walikuwa wakiishi utawani na simu zilikuwa za wachache, hawapatikani kwa hotuba peke yake. Ninachosema ni kwamba Titi alipanda kwa sababu alikuja na taasisi iliyokwisha kujengwa. Wanawake wa Dar es Salaam walikuwa wameijenga kwa miaka mingi bila kuiita siasa, nayo ni vikundi vya ngoma.

Titi alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926 katika familia ya Kimatumbi. Baba yake hakupenda asome. Alipofariki, mama ndiye aliyempeleka shule ya wasichana ya serikali. Masomo yakakatika alipovunja ungo, akawekwa ndani, kisha akaozwa angali msichana mdogo kwa mwanamume aliyemzidi umri kwa mbali. Ndoa ile haikudumu. Baada ya talaka alianza kujulikana mjini kwa kusoma maulidi na kwa kuimba, hadi akawa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma kiitwacho Bomba. Kwa hiyo chama kilipomtafuta, kupitia kwa mumewe wa wakati huo, Boi Selemani, jina lake lilikuwa limeshaingia katika nyua nyingi za Kariakoo na Ilala.

Hapa inafaa kukitazama kikundi cha ngoma kwa karibu, maana wengi wetu tukisikia neno ngoma tunafikiria burudani ya jioni moja. Kikundi cha lelemama, ngoma ya wanawake, au cha mtindo wa Bomba kilikuwa na viongozi wenye vyeo, wengine wakiitwa malkia, desturi iliyotokana na beni, ngoma iliyoanzia mwambao wa Kenya mwishoni mwa karne ya 19 na kuenea Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kilikuwa na mtunza fedha na michango. Mwanachama akifiwa au akiozesha, kikundi kilikuja na chakula, pesa na watu wa kupika. Siku ya ngoma wote walivaa sare, na asiyevaa alipaswa kueleza kwa nini. Mpinzani wao alikuwa kikundi cha mtaa wa pili, nao walishindana kwa nyimbo mpya, kwa mavazi na kwa wingi wa watu. Tena vikundi hivi havikujali kabila: Mzaramo, Mmatumbi, Mmanyema na Myao walikaa mkeka mmoja na kuimba kwa Kiswahili. Yote haya, kuanzia uanachama hadi nidhamu na lugha moja inayovuka ukabila, ndiyo ambayo chama cha kudai uhuru kilikuwa kikihangaika kuyapata.

Titi hakwenda nyumba kwa nyumba akimshawishi mwanamke mmoja mmoja. Yeye na wenzake, akiwamo Tatu binti Mzee, walikwenda kwa viongozi wa ngoma. Kiongozi akikubali, kikundi kizima kilikuja, kwa sababu wanawake wale walikuwa wamekwisha kumwamini katika mambo mazito kuliko kadi ya chama, yaani mazishi na ndoa. Hata ushindani wa zamani ulisaidia, maana kikundi kilichosikia kwamba wapinzani wao wameingia TANU hakikutaka kubaki nyuma. Habari za mikutano ya chama katika uwanja wa Mnazi Mmoja zilisambaa kwa njia ileile iliyosambaza habari za ngoma na arusi, nayo ilikuwa njia ambayo polisi wa mkoloni hawakuwa na namna ya kuizuia.

Atatokea msomaji aseme kwamba ni wanaume waliomchagua, na pasipo Nyerere na swali la Hatch asingejulikana. Hoja hii ina uzito, na sina haja ya kuipuuza. Mlango ulifunguliwa na wanaume. Lakini tuulize kwa nini walimfungulia yeye na si wake wa watu waliosoma. Serikali ilikuwa imewakataza watumishi wake kujiunga na chama cha siasa. Karani au mwalimu wa serikali aliyeonekana TANU alihatarisha kazi yake, na mke wake alilijua hilo kila mwisho wa mwezi. Wanawake wa ngoma hawakuwa na ajira ya kupoteza. Wengi waliuza maandazi na vitumbua, walipika pombe au walipangisha vyumba. Uhuru wao wa kipato ndio uliowapa nafasi ya kusimama hadharani. Hivyo TANU ilimchukua Titi kwa sababu ilimhitaji, na pale New Street hakukuwa na mtu mwingine wa kuifanya kazi ile.

Wengine watasema ni kipaji tu: sauti ile ingemfikisha popote. Kipaji alikuwa nacho, na waliomsikia walikubali kwamba aliweza kuukamata uwanja kama Nyerere mwenyewe. Ila kipaji nacho hufunzwa mahali. Mwimbaji kiongozi hutunga papo kwa papo na kujibu kijembe kabla hakijapoa, naye hujua saa ya kuwaachia waitikiaji. Huo ndio ufundi wa hotuba ya uwanjani. Na kama siri ingekuwa kipaji cha mtu mmoja, tusingeona jambo hilohilo likitokea kwingine, ambako Titi hakuishi. Moshi walikuwa na Halima Selengia, Lindi walikuwa na Shariffa binti Mzee, na Mwanza pia wanawake wa mjini waliojitegemea ndio waliotangulia.

Hoja ngumu kuliko zote ni ya anguko lake baada ya Uhuru. Ikiwa mtandao ule ulikuwa na nguvu kiasi hicho, kwa nini haukumlinda? Jibu langu ni kwamba mizani ya uongozi ilibadilika, na dalili zilionekana mapema. Katika uchaguzi wa kura tatu wa 1958 na 1959, yaani kura moja kwa mgombea wa kila rangi, mpiga kura alitakiwa awe na elimu ya darasa la nane, au kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au cheo kinachotambulika. Wengi wa wanawake waliokijaza chama hawakuwa na sifa hizo, wakawapigania wagombea wasioweza kuwapigia kura. Baada ya Uhuru, sehemu ya wanawake ya TANU ikawa Umoja wa Wanawake wa Tanganyika mwaka 1962, Titi akawa kiongozi wake wa kwanza, na akashika pia unaibu waziri. Lakini kazi sasa ilidai ripoti, mafaili na barua za Kiingereza. Mwaka 1965 alishindwa ubunge.

Kisha likaja Azimio la Arusha, Februari 1967. Miiko ya uongozi ilimkataza kiongozi kupangisha nyumba, na Titi, aliyekuwa na nyumba za kupangisha, akajiuzulu Kamati Kuu. Naelewa kwa nini miiko ile iliwekwa: watu walikuwa wameanza kuona viongozi wao wakigeuka matajiri. Lakini kwa mwanamke wa Kiswahili wa mjini, nyumba ya vyumba sita yenye ukumbi katikati ilikuwa na kazi nyingine kabisa. Ilikuwa kinga dhidi ya talaka, na pensheni kwa mtu ambaye hakuna ofisi ingemlipa pensheni. Sheria iliyomlenga bepari ilimkuta mwanamke aliyejitegemea, na kuiweka mali yake ya uzeeni katika fungu moja na unyonyaji. Azimio halikutenganisha mambo hayo mawili, na ninaona kwamba lilipaswa kuyatenganisha.

Oktoba 1969 alikamatwa pamoja na waziri wa zamani Michael Kamaliza na maofisa wa jeshi, wakashtakiwa kwa uhaini. Alihukumiwa kifungo cha maisha, naye akashikilia kwamba hakuwa na hatia. Rais alimwachia mwaka 1972. Miaka mingi iliyofuata jina lake halikutajwa sana, na ngoma zilizomlea zilitajwa kidogo zaidi, kwa kuwa hazikuacha mihtasari wala masijala. Mengi tunayoyajua leo yanatokana na mazungumzo marefu aliyofanya katika miaka ya 1980 na mwanahistoria wa Kimarekani Susan Geiger, ambaye aliwasikiliza pia wanawake wa Moshi na Mwanza na kutoa kitabu mwaka 1997. Bibi Titi alifariki Johannesburg tarehe 5 Novemba 2000, na barabara kubwa ya Dar es Salaam ina jina lake. Jina la Bomba, na majina ya malkia wa vikundi vilivyomfuata, bado hayajaingia katika vitabu vinavyofundisha watoto wetu historia ya TANU. Nyumba ambazo bado zina sare za zamani, picha na kadi za mwaka 1955 zifikiwe sasa, kabla vitu hivyo havijatupwa.