Kupanda kwa sailensa katika pikipiki

Kupanda kwa sailensa ni hitilafu ambapo injini ya pikipiki, ikiwa imeshapata joto, huendelea kuzunguka kwa kasi ilhali dereva ameachia eksileta na gia iko huru. Sailensa ni kasi ya injini inapojizungusha yenyewe bila kuvuta mzigo. Kwa pikipiki nyingi za kabureta zenye injini ya cc 100 hadi 150, kasi hiyo ni takriban mizunguko 1,400 kwa dakika. Ikifika 2,000 na kuendelea, pikipiki hupiga kishindo inapoingizwa gia ya kwanza, hula mafuta ikiwa imesimama, na huendelea kusukuma mbele wakati dereva anataka ipunguze mwendo. Hitilafu hii huonekana zaidi kwenye pikipiki zilizofanya kazi miaka mingi, na chanzo chake mara nyingi si skrubu ambayo wengi huikimbilia kwanza.

## Pikipiki na mazingira ya Kilimanjaro

Mji wa Moshi uko kati ya mita 800 na 900 juu ya usawa wa bahari. Barabara za kupanda kwenda Machame, Kibosho, Uru na Marangu humfikisha dereva kwenye vijiji vilivyo juu zaidi kwa mamia ya mita, na malango ya Machame na Marangu ya kuingilia hifadhi ya Mlima Kilimanjaro yako karibu na mita 1,800. Kwenye miteremko hiyo bodaboda hubeba abiria, mikungu ya ndizi, mifuko ya saruji na madumu ya maziwa. Upande wa chini, kuelekea mashamba ya miwa ya Arusha Chini, adui mkubwa wa kabureta ni vumbi la kiangazi.

Pikipiki zinazozeekea katika kazi hii ni pamoja na Bajaj Boxer, TVS, na zile za Kichina zilizoiga injini ya Honda CG125 iliyotoka mwaka 1976. Kanuni za uchunguzi ni zilezile kwa zote zenye kabureta. Pikipiki za stroki mbili, kama Yamaha AG100, zina chanzo kimoja cha ziada kinachoelezwa hapa chini.

## Visababishi

Kabureta hutawala sailensa kwa kupitisha hewa kidogo chini ya pistoni yake, na hewa hiyo huvuta petroli kupitia jeti ndogo. Kasi hupanda kwa njia tatu: pistoni ya kabureta haifungi hadi chini, hewa inaingia mahali pengine isipopimwa, au cheche inawaka mapema kuliko inavyotakiwa.

Pistoni huzuiwa kufunga na waya wa eksileta uliokazwa mno, uliokatika nyuzi au ulioshika kutu; na vumbi lililoganda ndani ya kabureta; au na skrubu ya sailensa iliyokazwa. Kwenye kabureta za mtindo wa CG, pistoni ina upande uliokatwa ambao lazima utazame kichujio cha hewa. Ikirudishwa kinyume haikai chini, na injini hupiga resi kubwa mara tu inapowaka.

Hewa ya pembeni huingia kati ya kabureta na injini: kwenye raba iliyopasuka, kwenye pete ya raba iliyobonyea, au kwenye uso wa kabureta uliopinda kwa sababu nati zilikazwa kupita kiasi. Hewa hiyo haikupita kwenye jeti, hivyo mchanganyiko hupungukiwa na petroli. Jeti ndogo ikiziba huleta upungufu huohuo. Jambo hili ni la kawaida vijijini ambako petroli huuzwa kwenye chupa, ikiwa na uchafu au maji.

Cheche huwahi pale sehemu inayoisogeza mbele kadiri kasi inavyoongezeka inapokwama. Kwenye injini za zamani zenye platini, springi za vizito vya sehemu hiyo huchoka na vizito vikashindwa kurudi. Kwa stroki mbili, sili ya kranki upande wa sumaku ikikauka huvuta hewa moja kwa moja ndani ya krankikesi. Sailensa hupanda, pistoni ya injini hukosa oili ya kutosha na inaweza kujam.

## Utaratibu wa uchunguzi

Uchunguzi huanza na injini iliyopata joto kamili, choki ikiwa imefunguliwa. Kipimo kimoja tu hufanywa kwa wakati mmoja. Mafundi wanaogusa vitu vitatu kwa pamoja hawawezi kujua ni kipi kilichoponya.

1. Usukani. Injini ikiwa kwenye sailensa, usukani ugeuzwe kushoto hadi mwisho, kisha kulia. Kasi ikibadilika, waya umebana au umepitishwa vibaya. Mkono wa eksileta unatakiwa uwe na mchezo wa milimita 2 hadi 6 kabla ya kuanza kuvuta, na ukiachiwa urudi wenyewe.

2. Choki. Wenzo wake ukaguliwe kama unarudi kikamilifu. Kwenye baadhi ya kabureta, choki iliyokwama nusu hupandisha sailensa moja kwa moja.

3. Skrubu ya sailensa. Ilegezwe polepole huku mizunguko ikihesabiwa, ili iweze kurudishwa ilipokuwa. Injini yenye afya hupungua kasi na hatimaye huzima. Skrubu ikiwa imelegea kabisa na injini bado inakimbia, kasi hiyo inatoka kwingine.

4. Maji kwenye maungio. Maji yapulizwe kidogo kuzunguka raba ya kabureta, mbali na plagi na nyaya. Mlio ukibadilika, hewa inapita hapo, kwa sababu maji yameziba ufa kwa muda. Petroli isitumike kwa kipimo hiki kamwe: kabureta iko sentimita chache kutoka kwenye chuma cha moto.

5. Plagi. Ncha nyeupe inaonyesha upungufu wa petroli, nyeusi yenye masizi inaonyesha petroli nyingi, na rangi ya udongo mkavu ndiyo inayotakiwa. Dalili nyingine ya upungufu ni kasi inayochelewa kushuka dereva anapoachia mafuta, pamoja na milipuko midogo kwenye ekzosi wakati wa kuteremka.

6. Ndani ya kabureta. Kabureta hufunguliwa baada ya hatua zote za nje kukamilika. Jeti ndogo isafishwe kwa hewa ya pampu, si kwa waya wa chuma unaopanua tundu lake. Cheche na sili huchunguzwa mwisho.

## Athari ya mwinuko

Hewa hupungua uzito kwa takriban sehemu moja ya kumi kila mita 1,000 za kupanda. Injini iliyowekwa sawa Moshi mjini, ikifika karibu na lango la Marangu, hupata petroli nyingi kulingana na hewa iliyopo, na sailensa yake huwa nzito au huzima. Huko asubuhi kuna baridi, na fundi hukaza skrubu ili injini isizime. Pikipiki hiyohiyo ikishuka mchana hadi kwenye hewa nzito na joto la mjini, sailensa hupanda ingawa hakuna kifaa kilichoharibika.

Kwa sababu hiyo sailensa hupimwa mahali pikipiki inapofanyia kazi saa nyingi. Anayepanda na kushuka kila siku anafaa kuiweka katika mwinuko wa kati, na avumilie kutumia choki kidogo asubuhi. Skrubu ya mchanganyiko nayo ina kanuni yake: ikiwa upande wa kichujio, kuilegeza huongeza hewa, ikiwa upande wa injini, kuilegeza huongeza petroli. Mwanzo mzuri ni mzunguko mmoja na nusu kutoka ilipofungwa, kisha isogezwe kidogo kidogo hadi injini izunguke kwa ulaini.

## Madhara na uponyaji

Hatari kubwa ya hitilafu hii iko kwenye mteremko. Dereva anayeshuka kutoka Kibosho na mikungu ya ndizi hutegemea injini imsaidie kuzuia mwendo. Sailensa ikiwa juu msaada huo hupungua, na breki za ngoma hubaki na mzigo wote hadi zipate moto na kulegea. Injini yenye mchanganyiko wenye upungufu wa petroli nayo huchemka, na valvu za moshi huungua.

Raba iliyopasuka hubadilishwa. Gundi haivumilii joto na petroli kwa muda mrefu. Uso uliopinda husawazishwa kwa msasa uliowekwa juu ya kioo, na nati zikazwe kwa zamu, kidogo kila upande. Waya uliokatika nyuzi hutupwa. Baada ya matengenezo, kipimo cha tatu hurudiwa: skrubu ya sailensa ikilegezwa injini izime, na ikikazwa kasi ipande kwa utaratibu. Hapo ndipo skrubu inapowekwa kwenye kasi inayotakiwa, na pikipiki inaweza kukabidhiwa kwa mwenyewe.