Anwani na Nuktapacha: Toka Sanduku la Posta la Kibondo hadi Seva ya Mbali

Neno anwani tumelipata kwa Waarabu, nalo katika Kiswahili limebeba maana mbili: kichwa cha kitabu au shairi, na maandishi ya juu ya bahasha yaonyeshayo barua iendako. Wataalamu wa kompyuta waliichukua maana hii ya pili, wala hawakukosea. Lakini neno likiazimwa huenda na mazoea yake, na mazoea hayo ndiyo tunayoyachungua hapa.

Katika nyanda za juu za Kigoma, huko Kibondo na Kasulu, watu zamani walikaa kwa kutawanyika. Mtu alitambulishwa kwa ukoo wake, kilima chake na mtawala wake, awe wa Muhambwe au wa Heru. Wakati wa ukoloni vijana wengi wa Kiha walikwenda kukata mkonge Tanga, wakaitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja aliandikishwa kwa namba. Hiyo ilikuwa anwani ya tarakimu tupu, isiyomjua baba wala kilima. Operesheni Kigoma ya mwaka 1972 ikawakusanya watu vijijini, na mtu akatajwa kwa kijiji chake na balozi wake wa nyumba kumi. Kambi ya wakimbizi ya Nduta ilipofunguliwa upya mwezi wa Oktoba 2015, wageni kutoka Burundi nao walipangwa kwa zoni.

Barua lakini haikufuata kilima. Ilifuata S.L.P. Wanakijiji wengi hawakuwa na sanduku lao. Walitumia la shule au la misheni. Basi anwani ilikuwa na sehemu mbili zenye wasomaji wawili. Posta ilisoma mji na namba ya sanduku, kazi yake ikaishia hapo. Jina la mwenye barua lilisomwa na mwalimu, ndani ya shule. Mpaka wa sehemu hizo ulionekana wazi, maana kila moja iliandikwa katika mstari wake.

Mpangilio uo huo umo katika kompyuta. Mwaka 1984 kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani ilitengeneza utaratibu wa kuwezesha mashine moja kutumia faili zilizo katika mashine nyingine kana kwamba ni zake. Tendo hilo twaweza kuliita kupachika mfumo wa faili wa mbali. Mwenye kupachika huandika jina au anwani ya seva, kisha alama ya nukta mbili zilizosimama, kisha njia ya faili, kwa mfano 192.0.2.5:/vitabu. Mtandao huifikisha hoja kwenye seva. Njia husomwa na seva yenyewe, kama mwalimu alivyosoma jina. Tofauti ni kwamba hapa hakuna mstari mpya. Mpaka wote umewekwa juu ya alama moja.

Kwa miaka kadhaa alama hiyo ilitosha, kwa sababu anwani za wakati huo, zenye biti 32, zilikuwa namba nne zilizotengwa kwa nukta moja moja. Mwezi wa Desemba 1995 zikatangazwa kanuni za anwani mpya za biti 128, kwa kuhofia kwamba za kale zingekwisha. Anwani mpya zina mafungu manane, na mafungu hayo hutengwa kwa alama ile ile ya mpaka! Programu iliyozoea kukata kwenye alama ya kwanza, ikipewa 2001:db8::5:/vitabu, huona seva iitwayo 2001, na mengine yote huyadhani kuwa njia. Faili hazipatikani, na mtumiaji hulaumu mtandao usio na hatia. Dawa iliyokubaliwa ni kuifungia anwani ndani ya mabano mraba, [2001:db8::5]:/vitabu, desturi iliyowekwa mwaka 1999 kwa anwani za kurasa za mtandao.

Hapa ndipo istilahi zetu zinapojaribiwa. Tendo la kuitenga anwani katika sehemu zake halihitaji neno jipya. Walimu wa sarufi wamekwisha kutupa uchanganuzi. Shida iko kwenye alama. Wengine huiita koloni, neno ambalo kwa Mtanzania lina habari nyingine kabisa. Wengine husema nuktambili, nalo lafaa katika insha; ila anwani mpya hutumia alama hiyo mara mbili mfululizo kuficha mafungu ya sifuri, na mwalimu akisema “nuktambili mbili” mwanafunzi hajui aandike nukta mbili au nne. Kwa maoni yetu nuktapacha ni bora, na ile ya mfululizo iitwe nuktapacha maradufu. Ielezwe pia kwamba maradufu hiyo huruhusiwa mara moja tu katika anwani moja, kwani ikitokea mahali pawili, msomaji hawezi kujua kila moja imeficha mafungu mangapi.