Kompyuta ya Gemu kwa Hela ya Kujichanga: Historia ya Ujanja wa Wasio na Kitu

Wadau, kila anayejichanga kwa ajili ya kompyuta yake ya kwanza ya gemu anakutana na swali moja: hela yangu hii ndogo niiweke kwenye kifaa gani? Ukiingia dukani bila jibu, unauziwa boksi lenye taa za rangi saba, feni zinawaka kama ukumbi wa harusi, halafu ukifika nyumbani gemu linakwamakwama. Hela ya miezi sita imeenda, na muuzaji hapokei simu tena.

Swali hilo ni la zamani. Watu wenye mfuko mwembamba wamekuwa wakilijibu tangu miaka ya 80, na wengi wao hata majina yao hayajulikani. Ukifuatilia walivyofanya, unaona kwamba mwenye hela kidogo hakushinda kwa kununua kila kitu cha bei rahisi. Alishinda kwa kujua kifaa gani kinabeba gemu la wakati wake, akakipata pale ambapo wengine hawakuona thamani yake.

Kwanza milango ilifunguliwa

Tarehe 12 Agosti 1981, IBM walitoa kompyuta yao binafsi. Bei ilianzia dola 1,565, na kwa bei hiyo ulikuwa bado hujapata hata skrini. Kwa kuwa walikuwa na haraka, hawakutengeneza kila kitu wenyewe. Prosesa ilitoka Intel, mfumo endeshi ukatoka Microsoft, na vipande vingine vingi vilikuwa vinapatikana sokoni. Kilichokuwa chao hasa ni BIOS, ile programu ndogo inayoamsha mashine kabla ya kitu kingine chochote.

Kampuni changa ya Compaq ikaigusa pale pale. Kundi moja la mafundi lilichunguza BIOS ya IBM na kuandika inafanya nini. Kundi la pili, ambalo halikuwahi kuuona ule msimbo, likatengeneza mpya inayofanya kazi ile ile. Mashine yao ilianza kuuzwa 1983, na wengine wakafuata njia hiyo. Kuanzia hapo vifaa vya kampuni tofauti vikaweza kukaa kwenye boksi moja. Mwaka 1995 Intel wakaleta ATX, vipimo vya mazabodi, kasha na pawa saplai ambavyo vinatumika mpaka leo. Ndiyo maana wewe unaweza kuchukua RAM duka hili na mazabodi duka la jirani, na zikaelewana.

Mzigo ulivyohama kichwa

Desemba 1993 likatoka Doom. Enzi hizo hakukuwa na kadi ya grafiki ya kusaidia picha za 3D. Prosesa ndiyo ilikuwa inachora kila ukuta na kila zimwi. Aliyekuwa na hela aliiweka kwenye prosesa, hapo hakukuwa na mjadala.

Halafu watu watatu waliowahi kufanya kazi Silicon Graphics, kampuni iliyokuwa ikiuza mashine za grafiki za maelfu kwa maelfu ya dola, wakashiriki kuanzisha 3dfx mwaka 1994. Wazo lao lilikuwa kuipeleka grafiki ile kwa mtu wa kawaida. Mwaka 1996 bei ya chip za kumbukumbu iliporomoka, na kadi yao ya Voodoo ikawezekana kuuzwa kwa bei ya raia.

Voodoo ilikuwa kifaa cha ajabu kidogo. Haikuweza hata kuonyesha picha za kawaida za Windows, ilijua 3D tu. Ulibakiza kadi yako ya zamani, ukachomeka hii pembeni, na waya mmoja ukaziunganisha. Toleo la Quake linalotumia kadi za namna hiyo lilipotoka Januari 1997, mtu mwenye Pentium ya kawaida na Voodoo aliona picha laini ambazo prosesa ghali peke yake haikuweza kuzitoa. Aliyeendelea kumwaga hela yote kwenye prosesa kwa mazoea ya Doom alikuwa amepitwa.

Mpaka leo ni hivyo. Kwenye magemu mengi kadi ya grafiki ndiyo inabeba mzigo mkubwa, kwa hiyo ndiyo inastahili fungu kubwa la bajeti. Ila usiipende kampuni kama timu ya mpira. 3dfx waliotawala mtaa wote, Desemba 2000 walitangaza kuiuzia Nvidia mali zao.

Celeron iliyofedhehesha wakubwa

Aprili 1998 Intel walitoa prosesa ya bei ya chini iitwayo Celeron. Ili kupunguza gharama, waliinyima kumbukumbu ndogo ya haraka inayokaa karibu na prosesa. Ikawa nzito, watu wakaicheka. Agosti mwaka huo huo wakaleta nyingine, Celeron 300A, kwa dola 149. Hii walibandika kilobaiti 128 za kumbukumbu hiyo ndani ya chip yenyewe, ikikimbia kasi sawa na prosesa. Pentium II, mkubwa wake, ilikuwa na kilobaiti 512, lakini zilikimbia nusu ya kasi.

Hesabu ilikuwa rahisi. 300A ilizidisha kasi ya njia ya mazabodi, megahezi 66, mara nne na nusu, unapata 300. Vijana wakajiuliza: tukiipandisha hiyo njia ifike 100? Wakapata 450, na chip nyingi zilivumilia bila kulalamika. Ambao mazabodi zao hazikuruhusu, waliziba pini moja kwa kipande cha selotepu. Pentium II ya megahezi 450 iliyotoka kipindi hicho hicho ilikuwa dola 669. Yaani aliyelipa 149 alikuwa anacheza meza moja na aliyelipa zaidi ya mara nne.

Miaka ya baadaye Intel waliufanya ujanja huu kuwa mgumu zaidi. Leo prosesa nyingi zinajipandisha kasi zenyewe, kwa hiyo usinunue ukitegemea muujiza wa 1998. Cha kubeba hapo ni tabia: soma namba, usisome jina kwenye boksi.

Boksi la ofisi linapata roho ya pili

Huku kwetu ndipo hadithi inapoingia nyumbani. Kompyuta za mezani za ofisi zikitolewa Ulaya na Marekani, nyingi zinashuka kwenye masoko ya mtumba, Kariakoo au Luthuli Avenue pale Nairobi. Prosesa zake ni nzuri tu, ila hazina kadi ya grafiki, na nyingi pawa saplai zake ni ndogo, hazina ule waya wa ziada ambao kadi kubwa zinataka.

Februari 2014 Nvidia wakatoa GTX 750 Ti kwa dola 149. Ilikula wati 60 tu, na tundu la mazabodi linatoa mpaka 75. Ukaichomeka bila waya mwingine wowote, na kompyuta ya mhasibu ikawa ya gemu. Baadaye zikaja GTX 1050 Ti mwaka 2016 na GTX 1650 mwaka 2019, zote zina matoleo yanayoridhika na umeme wa tundu. Kwa miaka mingi hiyo ndiyo imekuwa njia ya bei nafuu kuliko zote ya kuanzia.

Tahadhari mbili. Chagua kasha la kimo kamili, kwa sababu lile jembamba linapokea kadi fupi tu, na hizo ni adimu. Pili, angalia kizazi cha prosesa. Microsoft walifunga msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inataka rasmi kuanzia kizazi cha 8. Ofisi nyingi zina sababu ya kutupa za zamani, kwa hiyo zitauzwa bei ya kutupa. Jua unachobeba.

Walichoacha wachimbaji

Mwaka 2017 AMD walirudi ulingoni na Ryzen. Wakati prosesa za kawaida za Intel zilikuwa zinaishia kiini 4, Ryzen 5 1600 ilikuwa na viini 6 kwa dola 219. Uzuri zaidi ulikuwa kwenye mazabodi. Aliyenunua yenye soketi ya AM4 mwaka ule, mara nyingi aliweza kusasisha BIOS tu na kuweka prosesa iliyotoka miaka mitano baadaye. Mazabodi nzuri ilimwokolea hela ya kununua mashine nzima upya.

Lakini kipindi hicho hicho wachimbaji wa sarafu za kidijitali walikuwa wanabeba kadi za grafiki kwa mamia. Bei ikaruka mwaka 2017, ikaruka tena 2021, na mcheza gemu akabaki anatazama. Tarehe 15 Septemba 2022 Ethereum wakaachana na uchimbaji wa kutumia kadi. Zile kadi zikamwagika sokoni kama dagaa msimu wa mavuno. Aliyesubiri na hela yake mkononi alichagua.

Kadi ya mchimbaji si lazima iwe mbovu, ila feni zake zimezunguka usiku na mchana. Mwambie muuzaji aiwashe mbele yako, icheze gemu zito nusu saa, usikilize sauti na uangalie joto. Akikataa, mshukuru uondoke.

Kwa hiyo hela yako iende wapi?

Fungu kubwa liende kwenye kadi ya grafiki. Chukua prosesa ya kuitosha, si zaidi. RAM nunua vipande viwili vinavyofanana badala ya kimoja, kwa sababu vikifanya kazi pamoja njia ya data inakuwa pana mara mbili. Weka SSD hata kama ni ndogo. Taa za rangi ziache zisubiri.

Na pawa saplai usiibanie. Umeme wetu ukikatika unarudi kwa kishindo, na pawa saplai ya bei ya kutupwa ikiungua inaweza kuondoka na kadi na mazabodi kwa pamoja. Kama kuna chenji imebaki baada ya hapo, nunua kilinda umeme kabla ya kibodi inayowaka.